Neno "Safi" Katika Chumba cha Panya

Saa mbili asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya likizo, mlango wa chumba cha panya ulifunguliwa na harufu ikatoka kabla ya mtu kuingia: mkojo, maranda mabichi na dawa ya kusafishia sakafu. Msichana wa miaka kumi na miwili aliziba pua kwa kiwiko. Kaka yake alikuwa amembandika jina la Kinyaa, na siku hiyo jina lilimkaa vizuri.

"Ukitaka kutapika, tapikia nje," shangazi yake alisema, akimfunga barakoa. "Panya wangu hawapendi uchafu."

Shangazi alikuwa mtaalamu wa maabara. Panya wake weupe walikuwa wamepandikizwa saratani ya matiti, ili dawa mpya ijaribiwe kwao kabla ya kumfikia mwanamke yeyote. Kila mmoja alikuwa na uvimbe chini ya tumbo, mwekundu kama nyama mbichi, na kipini cha namba sikioni. Kinyaa alihisi mate machungu yakimjaa kinywani.

"Leo tunawatoa damu kidogo," shangazi alieleza. "Ndani yake kuna saitokini, protini ndogo ambazo chembe za mwili hutumiana kama wajumbe. Saratani huzibadilisha, na dawa pia. Tunazipima tujue chembe zinaambiana nini."

"Kwa hiyo shangazi unasikiliza umbea wa panya."

"Ndiyo. Ila lazima ujue umbea umeanzia wapi."

Kinyaa aliruhusiwa kufanya jambo moja tu: kutazama kupitia kuta za plastiki za vizimba. Akiona kidonda, aseme. Asipokiona, aseme "safi."

Katika kizimba cha mwisho panya mmoja alikuwa amejikunja pembeni. Sikio lake lilikuwa limevimba kuzunguka kipini. Usaha wa manjano uligandia manyoya, na mwenzake alikuwa akiulamba. Kinyaa aligeuza uso.

"Hao?" shangazi aliuliza, ameinamia sindano.

"Safi," alijibu, kama mtu aliyeulizwa habari za asubuhi.

Ijumaa majibu yalitoka. Mkuu wa maabara, daktari mwembamba asiye na maneno mengi, aliyatazama kwenye kompyuta ofisini, shangazi na Kinyaa wakiwa nyuma yake.

"Saitokini za kundi lililopewa dawa zimepanda," alisema. "Dawa inauwasha mwili badala ya kuutuliza. Tuiache."

"Ni panya mmoja, yule wa kizimba cha mwisho, aliyeuvuta wastani wa kundi juu," shangazi alisema.

"Una sababu ya kumtoa? Namba kutotupendeza si sababu."

Shangazi hakuwa na sababu. Kinyaa alikuwa nayo. Alisogea mbele ya kompyuta.

"Yule ana usaha sikioni," alisema. "Nilimwona Jumatatu."

"Ulisema safi."

"Nilisema tu, shangazi. Niliona kinyaa kuendelea kutazama."

Walirudi chumbani. Daktari alimshika panya, akalibonyeza sikio, na usaha ukatiririka kwenye glavu yake. Kinyaa alitazama mpaka mwisho. Kipimo kilionyesha bakteria, na maambukizi nayo hupandisha saitokini. Kanuni iliyowekwa kabla ya jaribio kuanza ilisema mnyama mwenye maambukizi hahesabiwi. Alipoondolewa, saitokini za kundi la dawa zilikuwa chini kuliko za kundi lisilopewa.

"Hii haisemi kwamba dawa inaponya," daktari alisema. "Inasema tusiitupe bado."

Panya alihamishiwa kizimba cha peke yake na kuanza kutibiwa. Shangazi alivua glavu.

"Kosa la kwanza ni langu. Nilimwachia mtoto kazi ya macho yangu. La pili ni lako. Kuona kinyaa si kosa, mwanangu, hata mimi humeza mate humu ndani. Kosa ni kukiacha kinyaa kikusemee. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha ya panya. Ambaye angeumbuka ni mama wa mtu, anayeingoja dawa hii."



Jumatatu iliyofuata, shangazi alisimama tena na sindano mbele ya vizimba.

"Haya, niambie."

Kinyaa aliinama mpaka barakoa ikagusa plastiki. "Yule wa peke yake, sikio limekauka pembeni, katikati bado kuna usaha. Na ananuka. Wengine safi."

"Umewatazama?"

"Mmoja mmoja."

Shangazi aliweka sindano chini, akaenda kuwatazama mwenyewe. Walikuwa safi.