Jarida Lisilochakaa

Asubuhi hiyo, kwenye kuta za saluni zote za Dodoma, jarida la Pambo Jipya lilijifungua lenyewe. Lilikuwa karatasi-hai, utando mwembamba kama kanga iliyofuliwa miaka mingi, na kila aliyelitazama aliona toleo lake peke yake: vazi la kipimo chake, rangi aipendayo. Ndani yake ulifanya kazi mtambo ulioitwa Kisawazishi. Msimu ukipenda pua nyembamba, Kisawazishi kiliwapa wanamitindo wote pua nyembamba. Msimu ukigeuka, kiliwanenepesha pua bila kumuuliza mtu. Kisha kilirudi nyuma, kikasawazisha matoleo yote ya zamani, ili jarida lisizeeke kamwe.

Aliyekibuni, mhandisi Nyemo, hakulitazama siku hiyo. Alikuwa kwao, msibani.

Mdogo wake Yudita, mwanamitindo aliyeanza kupamba jalada la Pambo Jipya tangu enzi za karatasi, alikuwa ndani ya gari-anga lililoanguka nje ya mji. Jeneza lake halikuweza kufunguliwa. Waombolezaji wangeaga picha tu, na picha hiyo, iliyotolewa jaridani, Shangazi Foibe alikuwa ameishika huku amekunja uso.

"Nyemo, huyu ni nani?"

"Ni Yudita, shangazi."

"Yudita gani? Mwanya wake uko wapi? Mtoto alikuwa na mwanya watu wanageuka barabarani, wewe unaniletea meno kama ukuta! Hebu lete nyingine."

Nyingine haikuwapo. Kampuni ya jarida ilikuwa imekitia Kisawazishi bure katika kila kamera na kila albamu ya nyumbani, na watu walishukuru, maana nani hapendi kupendeza?

Zamani jarida lilishikwa kwa mikono. Lilizunguka saluni hadi jalada likadondoka, na ukurasa mzuri ulichanwa ukapelekwa kwa fundi cherehani. Mama yao, Loisi, alikuwa fundi. Alibandika kurasa hizo ukutani juu ya cherehani yake, Yudita katikati, na mteja alinyoosha kidole: "Nishonee kama ya huyu." Mama alimpima, akakata kitambaa kufuata mwili uliosimama mbele yake. Halafu kampuni ikatangaza kwamba atakayerudisha karatasi zote atapewa karatasi-hai. Nyemo ndiye aliyezibandua kurasa zile kwa maji ya uvuguvugu, huku akimcheka mama yake kwa kung'ang'ania takataka.

"Wewe si ndiye mwenye huo mtambo?" shangazi alisema. "Ingia humo ndani, toa picha ya kwanza."

"Nilikiamuru kiifute ya kwanza kila kinapoandika mpya, shangazi. Niliona hakuna atakayetaka picha yenye kasoro."

Shangazi Foibe aliigeuza picha kifudifudi mapajani. Kwa mwanamke yule, hilo lilitisha kuliko matusi.

Nyemo alitandaza karatasi-hai kwenye mkeka, mbele ya godoro alilokalia mama yake, akajaribu kumrudisha mdogo wake kwa maneno. Mtambo ulichora kila walichosema.

"Mwanya mwembamba," alisema mama.

"Mpana, wifi! Ungepitisha njiti ya kiberiti."

"Na kovu juu ya jicho la kulia."

"La kushoto, mama," alisema Nyemo, kisha akasita. "Nadhani la kushoto."

Sura zilikuja, zikaondoka. Moja ilifanana na binamu yao wa Kondoa. Nyingine ilicheka vibaya mno hata mama akajifunika uso kwa kitenge chake. Nje, kwaya ilikuwa imeanza kuimba na mchungaji amekwishawasili.

"Basi, inatosha," mama alisema. "Wekeni ile ya jarida. Mtoto asizikwe bila sura."

Watu walipita mbele ya jeneza, wakainamia picha ya msichana asiyewahi kuzaliwa, wakamlilia kwa jina la Yudita. Nyemo aliona aibu iliyomfanya atamani kulala yeye kaburini.

Walipokutana tena kwa arobaini, msimu ulikuwa umegeuka. Midomo ya Yudita kwenye karatasi-hai ya ukutani kwa mama ilikuwa imejaa zaidi, na ngozi imeiva rangi ya asali. Mama aliipangusa picha taratibu.

"Alikuwa mzuri mwanangu. Hana hitilafu hata moja."

"Na ule mwanya wake, mama."

Mama alimgeukia kwa upole, kama mtu anayemhurumia mwenzake aliyechanganyikiwa na msiba.

"Mwanya upi, Nyemo?"

Nyemo alifumba macho amwone mdogo wake akicheka, apate kumweleza mama. Yudita alikuja mara moja. Alicheka, na meno yake yalikuwa yamebanana, meupe, ya msimu huu.