Sahani Kumi na Moja

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi mbili: kuteka maji bwawani na kuhesabu mbuzi. Maji tulikwenda kuteka mimi na binamu zangu, tukarudi na mitungi kichwani, shingo zinauma. Mbuzi niliwahesabu wakitoka zizini mmoja mmoja. Hawe alisimama langoni akinikodolea macho, nisije nikamruka hata mwanambuzi. Sisi Wagiriama bibi tunamwita hawe, na wangu mimi jina lake ni Pola.

"Ishirini na watatu," nilisema.

"Hesabu tena, Mbeyu. Mbuzi si hadithi."

Siku moja nilimwuliza mbona sisi wajukuu hatuhesabiwi. Akanifunika mdomo kwa kiganja. "Koma! Mtu hahesabiwi. Anayehesabiwa ni mbuzi, kwa sababu anauzwa."

Kijiji chetu kinaitwa Kwa Mramba, huku bara ya Kilifi, mbali na mahoteli ya ufukweni Bofa ambako baba ni mlinzi. Nyumba zimetawanyika mno. Ukienda kuomba kaa la moto kwa jirani, utafika nalo nyumbani limekuwa jivu. Kituo cha afya kilicho karibu kiko kilomita ishirini na saba, tena kwa njia ya mchanga.

Mwalimu wetu wa Gredi ya Sita, Bwana Kiponda, alitueleza sababu yake darasani. "Fedha za kaunti hufuata watu," alisema. "Panapoonekana watu wachache, hata barabara huona haya kufika." Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, na neno lile nililielewa vizuri sana. Ndiyo maana sina cha kujitetea.

Ilikuwa Jumamosi mchana alipokuja karani wa wadi. Alikuwa kijana kutoka Malindi, jina lake Zubair, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi jekundu.

"Hodi wenyewe! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Nimetumwa kuandikisha watu wa kila nyumba. Kuna gari la kliniki linakuja, lina muuguzi na mkunga. Litakuwa likisimama kila Jumanne katika vijiji vyenye watu mia tatu na zaidi. Sasa hapa mko wangapi?"

Niliona uso wa hawe ukibadilika. Alishika sikio lake. "Mimi sisikii vizuri, baba. Muulize huyu mtoto." Kisha akanipita akielekea jikoni, na alipokuwa ananipita alinifinya mkono na kuninong'oneza kwa Kigiriama, "Wanne."

Mama hakuwapo, alikuwa shambani anapalilia mihogo, na tumbo lake la miezi saba limemtangulia. Zubair alikuwa ananingoja, kidole juu ya simu yake.

"Tuko wanne," nilisema.

Yeye akatazama uchaga wetu wa vyombo. Nilikuwa nimetoka kuosha sahani zote, zimepangwa juani zinang'aa. Akazihesabu kwa kidole huku anatabasamu.

"Sahani kumi na moja, watu wanne? Ama kweli mnakula ninyi!"

"Nyingine ni za wageni," nilijibu haraka.

"Haya, mwenyeji ndiye ajuaye." Akaandika, akaaga, akashika njia ya nyumba inayofuata. Huko nako hawe alikuwa ameshamtangulia. Tangu asubuhi, habari za karani zilipofika kijijini, alikuwa amezungukia majirani kuwaonya.

Jioni nilimwuliza kwa nini. Akanieleza. Babu yake alipokuwa kijana, wakati wa Waingereza, watu wa serikali walikuja kuhesabu nyumba. Watu wakafurahi, wakadhani ni heshima. Baada ya hesabu ikaja kodi ya kila nyumba, kisha wakaja kuchukua vijana wakabebe mizigo ya vita. Wagiriama walipokataa, nyumba zao zilichomwa na wakafukuzwa kwenye mashamba yao mazuri ya ng'ambo ya mto Sabaki. "Ndugu wawili wa babu yangu walihesabiwa, wakaenda, hawakurudi," alisema. "Babu alituusia: akija mwenye kalamu, punguza."

Bwana Kiponda naye alitufundisha historia hiyo hiyo, na ni ya kweli. Lakini moyoni nilijua kwamba Zubair hakuja kumchukua mtu.

Baada ya wiki tatu gari likaja. Lilikuwa jeupe, lina mstari mwekundu ubavuni. Tulitoka mbio kulilaki, wakubwa kwa wadogo, lakini halikusimama. Lilipita likatuachia vumbi, likaenda kijiji cha mbele. Kwenye orodha, Kwa Mramba tulikuwa watu mia moja na tisini na wawili.

Jumanne iliyofuata likapita tena. Mama alisimama kando ya njia, mkono kiunoni. "Ningependa yule mkunga anitazame," alisema. "Mtoto huyu simwelewi, anavyokaa." Mwendo wa kulifuata kwa miguu ulikuwa wa saa nne, naye hakuuweza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake na mtungi wangu. Ningeweza kusema pale pale. Nikanyamaza, nikaogopa hawe, nikaogopa na mama mwenyewe.

Uchungu ulimshika asubuhi moja tukiwa shuleni. Walimpakia kwenye bodaboda, na mama mdogo Zipporah akamshikilia kwa nyuma. Mtoto alizaliwa njiani, kando ya barabara, akitanguliza miguu. Alikuwa msichana. Alilia mara moja tu.

Mama alirudi kutoka kituoni siku ya tatu, mikono mitupu. Mtoto alirudishwa siku ile ile, tulikuwa tumeshamzika nyuma ya nyumba. Angeitwa Pola, kama hawe, maana ndiyo desturi yetu. Muuguzi wa kituo alimwambia mama hivi: "Lau angekuona mkunga mwezi mmoja mapema, angejua mtoto amekaa vibaya, ungeletwa hapa mapema." Hakusema kwa ubaya. Mama alituhadithia maneno hayo akiwa ameketi kitandani, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nilikwenda kwa mama nikapiga magoti.

"Mama, karani aliniuliza mimi. Nikamwambia tuko wanne."

Mama alinitazama sana. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi kama angenipiga. Alilia tu, mimi nikalia naye.

Hawe alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Usimlilie huyo mtoto," alisema, sauti yake imekauka. "Ulimi ulikuwa wake, neno lilikuwa langu."

Mkutano wa baraza ulikuwa Alhamisi, kwenye uwanja wa shule, mbele ya naibu wa chifu. Zubair pia alikuwapo. Hawe alinishika mkono, tukakaa mbele kabisa. Alipopewa nafasi alisimama, akaniinua na mimi.

"Sema," aliniambia.

"Karani, nilikudanganya. Sahani zile hazikuwa za wageni. Tuko kumi na mmoja."

Wengine walitazama chini, kwa sababu walijua. Halafu mzee mmoja akakohoa nyuma. "Kwangu mimi nilisema watatu," alisema. "Tuko tisa." Mwanamke mmoja akasema kwake ni saba, aliandikisha wawili. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka naibu wa chifu akavua kofia na kushika kichwa. "Jamani! Yaani kijiji kizima?"

Zubair hakukasirika. Wiki ile ile alirudi kuhesabu upya, akaanza na kwetu. Safari hii hawe alituita sote uani, akatutaja mmoja mmoja kwa jina, mkono wake juu ya kila kichwa. Nilihisi kiganja chake kizito.

"Kumi na mmoja," Zubair alisema.

"Kumi na wawili," hawe akajibu. "Kuna Pola mdogo."

Zubair alikuwa ameshasikia habari. Aliteremsha simu yake. "Bibi, Mungu awape subira. Lakini aliyefariki siwezi kumwandika."

"Najua, baba. Wewe andika kumi na mmoja, ndiyo kweli, na uongo nimekoma. Nilitaka tu mama yake asikie kwamba hapa nyumbani alihesabiwa." Mama aliinamisha kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Tukaonekana watu mia nne na kumi na saba. Mwezi uliofuata, Jumanne, gari jeupe lilisimama chini ya kilima chetu. Wanawake wawili wajawazito wakawa wa kwanza kuingia. Mama alimpelekea mkunga kiti cha kukalia na maji ya kunywa, kisha akarudi nyumbani.

Tulimtazama akipanda kilima peke yake, mimi na hawe.

"Mbeyu," hawe alisema, "babu yangu hakuwa mjinga. Waliomhesabu walikuja kuchukua. Lakini anayekuja kuleta naye hana budi kuhesabu. Mimi sikumwuliza karani amekuja kwa lipi. Nilifunga mlango kwa uongo, na uongo ukifunga mlango haumchagui mwizi peke yake, huufungia nje na msaada. Ukiwa na hofu, uliza. Ukishauliza, sema kweli, hata kama mkubwa wako amekufinya mkono."

"Ndiyo, hawe."

"Haya, kaoshe vyombo."

Nikaenda, nikaziosha sahani zote kumi na moja, nikazipanga juani. Mwishoni mwa uchaga ilibaki nafasi ya sahani moja ndogo.