Hesabu ya Watoto wa Kasha

Kila asubuhi, katika nyumba ya Donatien na Delphine kule Kasha, mtaa wa mlimani, kulikuwa na ugomvi mmoja. Ugomvi huo ulikuwa wa kibao cha kuandikia. Kibao kilikuwa kimoja, na pembe yake moja ilikuwa imevunjika. Georgette, mwenye miaka tisa, alikihitaji kwa sababu alikuwa anasoma. Mdogo wake, Nabintu Adélaïde, mwenye miaka sita, alikitaka kwa sababu alikuwa hasomi. Nyumbani walimwita Adé.

"Maman, Georgette ananinyima!"

"Adé, acha dada yako aende ku masomo," alisema Delphine, huku akimfunga mtoto Isidore mgongoni.

"Na miye nitaenda siku gani?"

"Mwaka yenye kuya."

"Mwaka yenye kuya iko kesho?"

Delphine alikaza fundo la kitenge. Alijua kwamba alikuwa anamdanganya mtoto. Mwezi wa tisa alikuwa amesimama mbele ya shule, kule chini Bagira, tangu alfajiri. Alipofika mlangoni, mkurugenzi alifunga daftari. Benchi la watoto watatu lilikuwa tayari na watoto watano. "Maman, nafasi imeisha," alisema mkurugenzi. Mwaka uliofuata ingekuwa vilevile, kwa sababu Kasha haikuwa na shule yake, na watoto walizidi kuzaliwa.

Donatien, baba wa nyumba, alikuwa mwashi. Alijenga nyumba za watu kule Nguba, karibu na ziwa, na kila jioni alirudi na simenti kwenye viatu. Alikuwa mtu mwema, mwenye bidii. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wengi wetu tulikuwa nao katika miaka ile: alikuwa anaogopa daftari.

Jumamosi moja ya mwaka 1980, watu walikuwa wametoka tu kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka mitaro. Donatien alikuwa ananawa miguu. Mtu mmoja akaingia uani na daftari mkononi, akamsalimu kwa citoyen, yaani raia, kama watu walivyoitana miaka ile.

"Citoyen, jambo. Natoka ku biro ya masomo. Uko na batoto ngapi?"

Kusikia ofisi ya elimu hakukumtuliza Donatien; alitazama lile daftari. Aliwahi kuona daftari la kodi. Aliwahi kuona daftari la salongo. Hakuna daftari hata moja lililowahi kumletea kitu kizuri. Akageuka polepole, akamwambia Adé kwa sauti ndogo:

"Chukua badogo, ingia mu nyumba. Chini ya kitanda. Usiseme kitu."

Kisha akamgeukia mgeni na kutabasamu, Georgette na kaka yake mkubwa wakiwa wamesimama uani.

"Batoto babiri," akasema.

Mgeni aliandika wawili, akaenda zake. Naye alikosa, lazima tuseme ukweli. Alikuwa na haraka, na hakueleza hesabu ile ilikuwa ya nini.

Jirani yao Bulonza, muuza makaa, akaja kupitia nyuma ya nyumba. Alikuwa anacheka peke yake.

"Ulimuambia ngapi?"

"Babiri."

"Hata miye! Nane yangu, nilisema babiri. Bengine nilibatuma kuchota maji!"

Walicheka hadi wakashika mbavu. Wakati huo Adé alikuwa bado chini ya kitanda, na wadogo zake wawili wamelala juu ya miguu yake. Baba yake alikuwa amemsahau. Delphine ndiye aliyemtoa, nywele zimejaa vumbi.

"Papa," Adé akauliza, "sasa niko?"

"Uko," Donatien akajibu, akacheka tena. Delphine hakucheka.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, Delphine alimpeleka Isidore kituo cha afya kupimwa. Kila mama wa Kasha alikuwa na karti ya kilo ya kila mtoto wake. Juu yake huandikwa jina, siku ya kuzaliwa na uzito. Maman Eulalie ndiye aliyepima watoto. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti kubwa na mikono mepesi. Alikuwa pia katika komite ya wazazi.

Alimtundika Isidore kwenye mizani. Isidore akalia kwa nguvu zake zote.

"Lia, papa, lia, hivi njo unaonyesha kama uko na afya," alisema Eulalie. Kisha akashusha sauti. "Maman Delphine, ulisikia? Biro ya masomo inafanya mupango ya miaka kumi. Inaonyesha fasi gani batajenga kalasi, na mwaka gani."

"Na Kasha?"

"Mwaka ya tisa."

Delphine alihesabu kwa vidole. "Mwaka ya tisa! Adé atakuwa na miaka kumi na tano! Juu ya nini?"

"Juu mu daftari yabo, Kasha iko na batoto quarante-trois tu."

Arobaini na watatu! Delphine aligeuka, akatazama mabenchi. Akina mama walikaa wakingoja zamu yao, kila mmoja na mtoto mgongoni, mwingine kando, mwingine akivuta kitenge. Katika chumba kile peke yake aliona watoto zaidi ya thelathini. Uso wake ukawaka kwa aibu.

"Maman Eulalie," akasema, "batatu yangu habako mu ile hesabu. Tulibaficha."

Eulalie alimtoa Isidore kwenye mizani, akamrudishia mama yake.

"Jioni nitakuya kwenu," akasema. "Papa Donatien asitoke."

Alifika jua likiwa bado halijazama. Donatien alikuwa anakula bugali na sambaza, dagaa wa ziwani. Eulalie alikubali kiti, akakataa sahani, kisha akauliza:

"Papa Donatien, mutu akikuita umujengee nyumba, unaanza na nini?"

"Ninapima."

"Na mutu akikuficha kipimo?"

"Aah! Ile nyumba itakuwa ya bure. Batu batakosa hata fasi ya kulala."

"Vizuri. Sasa wewe njo ulificha kipimo."

Donatien akaacha kutafuna. Eulalie akamweleza polepole. Daftari lile halikuwa la kodi wala la salongo. Kabla ya kujenga shule, biro inataka kujua watoto ni wangapi, wanakaa wapi, na watafikia umri wa shule lini.

"Lakini Isidore iko na miezi tisa tu," alisema Donatien. "Atafanya nini mu hesabu ya masomo?"

"Mupango ni ya miaka kumi. Kiisha miaka sita, huyu Isidore atataka benchi. Bakihesabu tu benye kuwa mu kalasi leo, kalasi itajaa siku ya kwanza. Hata mutoto wa mu mugongo anahesabiwa."

Donatien alimtazama Adé. Adé alikuwa amekaa karibu na mlango na kibao cha dada yake. Alikuwa anaandika herufi moja, ileile, mara nyingi, kwa sababu hakujua nyingine. Donatien akasukuma sahani kando.

"Nilimuharibia mutoto yangu," akasema. "Sasa tufanye nini?"

"Mupango haijafungwa. Mwezi ya tatu kuko mukutano ku biro yabo, ku Nguba, na bazazi bako na ruhusa ya kusema. Lakini tusiende na makelele. Tuende na hesabu."

Hesabu ilianza Jumapili iliyofuata, baada ya misa. Kasha ilikuwa na mashirika manne, yaani vikundi vya majirani wanaosali pamoja. Kila shirika lilihesabu nyumba zake. Na kwa kuwa kila mtu alijua uongo uliopita, Delphine alitoa wazo moja: mtu asitaje mtoto kwa mdomo tu, alete karti yake ya kilo.

Karti zilitoka chini ya magodoro, ndani ya madebe ya unga, nyuma ya picha za Bikira Maria. Bulonza peke yake alikaza shingo.

"Miye sina karti," akasema.

Mke wake akaingia ndani. Akarudi na kitenge kilichofungwa fundo. Akafungua. Karti nane.

"Huyu mwanamuke ananiuza!" akapiga kelele Bulonza, na watu wakacheka mpaka naye akacheka.

Walipomaliza, walipata watoto mia mbili na kumi na wawili. Wengine walikosa nafasi shuleni. Wengine walikuwa bado wadogo, lakini miaka yao ilikuwa inakuja.

Siku ya mkutano, Donatien aliazima abakosti, koti rasmi la miaka ile, ya shemeji yake. Nguba alikuwa anaijua vizuri, lakini siku zote aliingia kwa mlango wa nyuma, na mwiko wa uashi mkononi. Siku hiyo aliingia kwa mlango wa mbele, na mikono yake hakujua aiweke wapi.

Citoyen Aloys, mkubwa wa mpango, alisoma karatasi yao. Akavua miwani.

"Mwaka jana mulisema quarante-trois. Leo deux cent douze. Niamini hesabu gani?"

Watu wa Kasha walitazama chini. Delphine alimgusa mume wake kiwiko. Donatien akasimama.

"Citoyen, amini ya leo. Ile ya kwanza, miye ni mumoja wa benye kuiharibu. Nilimuficha mutoto yangu chini ya kitanda. Niliwaza ni daftari ya kodi. Niko na haya, lakini ni ukweli."

Kisha, kutoka nyuma, ikasikika sauti ya Bulonza:

"Na miye nilificha sita."

Ukumbi mzima ukacheka, na Citoyen Aloys pia. Eulalie akamwaga karti zote mezani. Aloys alichukua moja, akasoma, akachukua nyingine. Alisoma nyingi.

"Aksanti," akasema mwisho. "Na siye tulikosa. Tuliwauliza hesabu bila kuwaambia juu ya nini."

Halafu akafungua ramani, akaonyesha kiwanja walichokuwa wamechagua Kasha. Donatien aliinama, akatazama, akatikisa kichwa.

"Hapa hapana, citoyen. Mu mwezi ya ine, mvua ikinyesha, ule udongo inateremuka. Mwaka ingine ilibeba jiko ya mutu. Kwa juu kuko mawe. Kule nyumba itasimama."

Aloys alikuwa amechagua mahali pale akiwa mezani, kwa kalamu. Wiki iliyofuata alipanda Kasha kwa miguu, akaona ufa kwenye udongo kwa macho yake, akabadilisha kiwanja. Mpango nao ulibadilika. Kasha ilitoka mwaka wa tisa, ikawekwa mwaka wa kwanza: madarasa mawili sasa, na mengine mawili kabla ya Isidore kufikia umri.

Wazazi walibeba mawe. Hakuna aliyeandika nani amekuja na nani amekosa, na bado walikuja. Komite iliamua pia kwamba kila mwezi wa kwanza, siku za kupima watoto, hesabu itafanywa upya na kupelekwa Nguba. Mpango wa miaka kumi ukiachwa kwenye kabati unazeeka, lakini watoto hawaachi kuzaliwa. Maman Eulalie alinunua daftari kwa kazi hiyo. Watu walipoliona, hakuna aliyekimbia.

Mwezi wa tisa, shule ilifunguliwa. Ukuta wa nje ulikuwa haujakwisha, na Donatien alikuwa chini ya dirisha na mwiko wake, akilainisha simenti. Ndani, mwalimu alisoma majina. Alisoma mengi. Mwishowe akasema:

"Nabintu Adélaïde!"

"Présente!"

Adé alipaza neno hilo, yaani niko, kwa nguvu hata mwalimu akashtuka na watoto wakacheka.

"Polepole," mwalimu akamwambia. "Nilikusikia."

Nje, Donatien alikuwa ameacha kazi, simenti inakauka kwenye mwiko. Alitamani mwalimu amwite tena.