Mlango wa Ziwani

Siku ya kumi na mbili ya eda yake, Biasha alikuta nyayo za maji ukumbini. Zilitoka mlango wa barabarani, zikanyoosha hadi mlango wa ziwani, zikaishia kwenye matofali mapya. Za kurudi hazikuwepo.

Nyumba hiyo ya Rumonge ilijengwa na babu wa Nawaf, marehemu mume wa Biasha. Babu huyo alikuwa Mwarabu wa Omani, mfanyabiashara wa mawese. Kuta zilikuwa nene, za mawe na udongo, na katikati ulipita ukumbi mmoja mrefu usio na kona, wenye mlango kila upande. Mlango wa ziwani haukuwahi kutiwa komeo. Babu aliwaambia wajukuu kwamba hapo palikuwa na njia ya mwenye maji, jini wa ziwa, tangu kabla ya msingi, naye akajenga akiiacha wazi. Kila adhuhuri, saa yake ya kupita, watu walijifungia vyumbani, ukumbi ukabaki mtupu, na miaka yote hiyo hakudhurika mtu.

Kisha ziwa likapanda hadi ngazini. Nawaf akafariki kwa homa, na mdogo wake Murshid akaja mazishini kutoka Bujumbura na akili zake nyingi za mjini. Kabla matanga hayajaisha alikwisha kuleta fundi na kuziba mlango ule kwa matofali na saruji, maji yasiingie.

Biasha alipiga deki kila zilipotokea. Siku nyayo zilipoanza kugeuka na kuzunguka milango ya vyumba, alimwita shemeji yake, akasema naye nyuma ya pazia.

"Shemeji, nipeleke kwa mama, Minago. Humu ndani iko kitu."

"Eda inakaliwa kwa bwana. Na uko na mimba ya kaka yangu. Watu watasema nini?"

"Mimba iko ya miezi saba tu! Nitafungiwa humu mpaka lini?"

"Mpaka uzale, shemeji. Ndiyo sheria."

Adhuhuri ya kesho yake alikuwa amejilaza, mlango ameufunga, akasikia kucha zikikwaruza matofali kule mwisho wa ukumbi, polepole, kisha zikakoma na nyayo zikaanza kurudi, chwap, chwap, zikapita jikoni, zikapita chumba cha wageni, zikasimama mlangoni kwake, na maji yakapenya chini ya mlango yakinuka tope la ziwani, yakaja moja kwa moja hadi kitandani, naye ameshika tumbo kwa mikono miwili, anaanza dua na kuisahau katikati, hana pa kukimbilia.

Yowe lake lilimfikia Murshid barazani. Akili za mjini zikamruka, akaenda kumleta Shehe Djibril.

"Huyu hakuja kwa ubaya," Shehe alinong'ona. "Alikuwa anapita tu. Wewe umemufungia ndani pamoja na mwanamke. Bomoa!"

Murshid alishika nyundo mwenyewe. Tofali la mwisho lilipoanguka, upepo wa ziwa ukaingia, na Biasha akalia kwa furaha. Adhuhuri ya siku iliyofuata, wanaume wakajifungia chumba cha wageni, Biasha chake, wakasubiri. Baadaye Shehe akaja nyuma ya pazia.

"Nyayo ziko, binti yangu?"

Biasha alichungulia. Sakafu ilikuwa kavu, mlango hadi mlango.

"Hakuna hata moja, Shehe."

Shehe alisogea karibu na pazia. "Tangu maji yafike kitandani kwako, uliyaona yakitoka?"

"Hapana."

Mtoto akajipindua tumboni kwa nguvu. Maji baridi yakamtiririka Biasha mapajani, yakinuka tope, yakatandaa sakafuni. Kisha yakaanza kwenda, yamenyooka, kuelekea mlango wa ziwani.