Risasi ya Njano Mfukoni

Kila alasiri aliposhuka kwenye basi la shule, Brenna alianza na kazi ya kuwalisha ndama. Alivunja barafu iliyotanda juu ya maji yao, akawamwagia nyasi kavu, kisha akaingia bandani alikomsubiri baba yake. Humo, juu ya meza ya mbao, walikuwa wakipanga vifaa vya mashindano yake ya kwanza. Jambo hilo lingepaswa kuwa la furaha, lakini nyumba ile ilikuwa imeishiwa furaha. Mama alifariki mwanzoni mwa majira ya kuchipua, na tangu hapo baba na binti walizungumza mambo ya kazi tu.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya bunduki tatu, ambayo watu wa upande ule wa Oklahoma huyapenda kupita kiasi. Mshindani hukimbia kutoka kituo kimoja hadi kingine, akapiga shabaha kwa bastola, kisha kwa bunduki ya masafa, halafu akamalizia na bunduki ya marisau, ile inayotawanya chembe za risasi, huku saa ikimhesabia. Bastola na bunduki ya masafa walikuwa wameshachagua. Iliyobaki ilikuwa ile ya marisau, na hapo ndipo walipovutana.

"Anayeanza hahitaji vitu vipya," Baba alisema. "Anachukua kilichopo nyumbani, kinachomkaa begani, na anajifunza risasi zake mpaka azijue hata gizani. Bunduki ya mama yako ingekufaa. Namba ishirini ni nyepesi, haipigi bega."

"Ile ni ya watoto, Baba. Binamu Colby atanicheka mpaka Krismasi."

Hiyo haikuwa sababu. Bunduki ya mama ilisimama kwenye kona yake kabatini, bado ikinukia mafuta aliyoipaka mwenyewe, na Brenna hakuweza hata kuitazama. Lakini angemwambiaje baba yake maneno hayo? Kuchekwa na Colby kulisemeka kwa urahisi zaidi.

Baba aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaivuta bunduki yake mwenyewe, namba kumi na mbili, nzito, ya kusukuma na kuvuta.

"Sawa. Utatumia hii, na binamu yako ataitumia baada yako, maana na yeye hana. Ila nisikilize vizuri, Brenna. Namba hizi za upana wa mtutu zinadanganya. Ishirini ni nyembamba kuliko kumi na mbili. Risasi ya ishirini ikiingia humu, inateleza, inapita, inanasa ndani ya mtutu. Ukichungulia pa kuwekea risasi unaona patupu. Ukitia ya pili nyuma yake ukafyatua, mtutu unapasukia mkononi mwako. Ndiyo maana za ishirini zinatengenezwa za njano, ili hata mjinga azione."

"Nimeelewa."

"Kile kizibao cha kuwindia cha mama yako unachokivaa, umetoa vilivyomo mifukoni?"

"Nimetoa," Brenna alijibu upesi.

Hakuwa ametoa kitu. Katika mfuko wa juu mlikuwa na mafuta ya midomo ya mama, peremende mbili za mnanaa, na karatasi ya kufutia pua iliyokunjwa kwa vidole vyake. Mfuko wa chini ulikuwa na uzito fulani ambao Brenna hakutaka kujua ni wa nini. Aliona kwamba siku atakayoimwaga mifuko ile, mama atakuwa ameondoka kweli. Kwa hiyo aliiacha, akasema uongo mdogo, akaenda zake kula maharage na mkate wa mahindi.

Jumamosi ya mashindano iliamka na wingu zito na upepo wa kukata masikio. Uwanja ulikuwa nje ya mji, katikati ya mashamba ya ngano, umezungukwa na kingo za udongo mwekundu. Watu walijikunyata kando ya magari yao ya pikapu, wakishika vikombe vya kahawa kwa mikono miwili. Mwamuzi mkuu alikuwa Bi Verlene, mwanamke mzee mwembamba mwenye sauti kavu, ambaye hakuna mtu pale aliyethubutu kumjibu ovyo.

"Leo sitaki mashujaa," aliwaambia. "Nataka watu wanaorudi nyumbani wakiwa wazima. Mnajua neno letu. Yeyote akiona hatari anaita 'Simama!' Hata kama ni mtoto, hata kama amekosea. Anayelisikia analirudia, na kila mtu anaganda alipo. Nani hajakagua risasi zake?"

Hakuna aliyeinua mkono. Brenna alitazama viatu vyake.

"Wee, Brenna," Colby alimnong'oneza, "hiyo bunduki ndefu kuliko wewe. Nani anambeba mwenzake?"

"Nyamaza. Wewe umesahau vifunika masikio vyako garini, halafu unajiita mshindani."

"Nimevisahau kwa makusudi, nisikusikie ukilia."

Kwa kawaida Brenna angecheka. Colby alikuwa binamu yake, walizaliwa mwaka mmoja, na tangu msiba ule alikuwa ndiye mtu pekee ambaye hakubadilisha sauti anapozungumza naye. Siku hiyo alimsukuma tu kwa kiwiko, na Colby akakimbia kufuata vifunika masikio.

Zamu ya Brenna ilipofika, bastola ilimwendea vizuri, na bunduki ya masafa pia haikumwangusha. Kwenye marisau mambo yakaharibika. Bunduki ya baba ilimpiga bega kama teke la ndama, akakosa bamba moja la chuma, akakosa tena. Risasi nyekundu alizopanga kwenye mkanda zikaisha huku bamba la mwisho likiwa bado limesimama. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa chini wa kizibao, akapapasa risasi, akaisukuma ndani bila kuitazama, akavuta, akafyatua.

Ikalia *tik* tu.

Alivuta tena. Hakuna kilichotoka. Akadhani risasi ilimponyoka kwa ule ubaridi, na kwa kuwa hakutaka kupapasa tena mbele za watu, akaashiria kwamba amemaliza. Bi Verlene akachungulia pa kuwekea risasi. Palikuwa patupu. Bunduki ikalazwa juu ya meza ya mwisho kumsubiri anayefuata.

Brenna alirudi nyuma ya kamba akiwa na hasira na nafsi yake. Kwenye uwanja, Colby alikuwa ameshaanza, bastola yake ikilia bila kusita. Pua ya Brenna ilikuwa inachuruzika kwa baridi, naye akatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa. Mkono ulitoka na risasi.

Ilikuwa ya njano.

Aliitazama kwa muda kabla akili yake haijafika. Halafu ikafika. Ile *tik*. Kile ambacho hakikutoka. Palipoonekana patupu. Bunduki haikuwa tupu hata kidogo. Risasi ya mama ilikuwa imenasa ndani ya mtutu, na Colby alikuwa ameshaweka chini bastola na kushika bunduki ya masafa.

Yaliyompitia Brenna kichwani wakati huo aliyaonea aibu baadaye. Aliwaza kwamba akiita, kila mtu atajua alidanganya. Baba alikuwa amekaa palepale kwenye kiti cha kukunja. Watalifuta jina lake kwenye mashindano. Watamwambia amwage mifuko mbele ya watu, na mafuta ya midomo ya mama yataanguka kwenye udongo. Pengine amekosea. Pengine kweli ile risasi ilianguka chini.

Colby aliiweka bunduki ya masafa, akakimbia kwenda kwenye meza ya mwisho. Mkono wake ulikuwa tayari mkandani, ukichomoa risasi nyekundu.

"Simama!" Brenna aliita.

Upepo uliichukua sauti yake ukaipeleka mashambani. Colby akaiinua bunduki.

"Simama! Simama, Colby! Simama!"

Safari hii mtu mmoja kando ya kamba aliisikia, akairudia. Mwingine akaidaka, na mwingine, mpaka uwanja mzima ukawa unaita neno lile moja. Bi Verlene akamshika Colby bega kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaizuia bunduki. Risasi nyekundu ilikuwa imeshaingia. Kilichobaki kilikuwa kidole tu.

Brenna alinyoosha mkono wenye ile risasi ya njano. Hakuhitaji kusema zaidi. Bi Verlene alibadilika rangi. Akaitoa ile nyekundu, akaifungua bunduki, akachukua fimbo ndefu ya kusafishia na kuipenyeza taratibu kutoka mdomoni mwa mtutu. Fimbo ilikwama njiani. Aliisukuma kwa upole sana, na risasi ya pili ya njano ikaangukia kiganjani mwake.

Colby alikaa chini palepale kwenye udongo.

Brenna aliondolewa mashindanoni, kama sheria inavyotaka. Bi Verlene mwenyewe ndiye aliyemwambia, kisha akamfuata hadi kwenye pikapu, ambako Brenna alikuwa ameketi nyuma na baba yake amesimama mbele yake, uso umemsawijika.

"Nilikuuliza," Baba alisema. "Nilikuuliza ukaniambia umetoa."

"Sikuweza, Baba." Sasa alikuwa analia. "Vitu vyake vimo humu. Nilidhani nikivitoa... Sikuweza tu. Na ile bunduki yake sikuikataa kwa sababu ya Colby. Siwezi kuishika."

Baba akakaa kando yake, na yeye pia machozi yakamtoka, mara ya kwanza mbele ya binti yake tangu mazishi.

Bi Verlene aliwasubiri. Alipoona wametulia, alisema bila kuinua sauti:

"Sikiliza, binti. Mimi nilichungulia nusu tu ya bunduki nikasema ni tupu. Kosa hilo ni langu, na jioni hii nitalisema mbele ya wote. Lako ni hili. Uliulizwa, ukajibu 'nimetoa' kwa sababu kusema 'siwezi' kulikuwa kunauma. Risasi haijui kama mtu ana msiba. Haikuhurumii. Ungesema 'Baba, siwezi kuigusa mifuko hii', angekusaidia, na leo ungekuwa uwanjani. Neno 'siwezi' halijawahi kumkata mtu mkono. Mara nyingine, lisemeni mapema."

"Ndiyo, Bi Verlene."

"Na ulipoita, uliita ukijua utaaibika. Hilo nimeliona pia."

Akaondoka. Baba alitandaza koti lake juu ya ubao wa gari. Wakaitoa mifuko pamoja, kitu kimoja kimoja, bila haraka: mafuta ya midomo, peremende, karatasi iliyokunjwa, na risasi nyingine mbili za njano, ambazo Baba alizitia kwenye kopo na kulifunga. Vile vingine alivifunga katika leso yake, akampa Brenna avishike. Kizibao kilibaki chepesi. Kiliuma kukivaa hivyo, lakini Brenna alikivaa.

Colby alikuja akiburuta miguu. Hakuwa na mzaha wowote. Alikaa upande wa pili wa Brenna, akauvua glavu mkono wake wa kushoto, ule ambao ungekuwa chini ya mtutu, akaunyoosha mbele ya macho ya Brenna na kuvikunjua vidole polepole.

"Tazama," alimwambia. "Vyote vipo."