Mkono wa Shemeji

"Ulikuwa umeushika mkono wa nani tulipokuwa tunashuka kwenye boti?"

"Wa shemeji. Kwani nilijificha?"

"Na wangu una upele?"

Mama Pacha alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anahangaika na vifungo vya koti zito la kuazima. Baba Pacha alimpa mgongo, akatazama nje. Mvua nyembamba ilikuwa inalowesha mapaa ya mji wa watu, na kila aliyepita barabarani alitembea kama anafukuzwa.

Hawa hawakuwa watu wa kugombana. Mume aliendesha treni maisha yake yote ya kazi. Mke alifundisha watoto wa darasa la kwanza mpaka sauti ikakwaruza. Walipopata mapacha wakaanza kuitwa Baba Pacha na Mama Pacha, na majina yao ya zamani yakabaki kwenye vitambulisho tu. Walikuwa wameahidiana kwamba wakistaafu wataizunguka dunia magoti yakiwa bado yanakubali. Sasa wamestaafu, magoti yanakubali, na wako ng'ambo nyumbani kwa Breki, rafiki wa mume tangu siku za reli, ndiye huyo shemeji.

Breki alipewa jina hilo kwenye karakana ya reli, alikokuwa fundi wa breki za mabehewa. Baadaye alihamia huku, akaoa huku, na huku huku akafiwa na mke. Ndiye aliyewapigia simu: "Njooni bwana, nyumba ina vyumba viwili na mtu mmoja anayeongea na redio." Na kuna jambo ambalo wote watatu walikuwa wakilitania siku zote: kabla Mama Pacha hajaposwa na Baba Pacha, Breki naye alijaribu bahati yake, akaambiwa asante lakini hapana.

Tangu wafike, Baba Pacha alikuwa ameacha kuucheka utani huo.

Kila wakitoka kutembea, mkewe anajikuta ubavuni kwa Breki. Wakifika kwenye ngazi, mkono uko kwa Breki. Kwenye jumba la makumbusho Baba Pacha alimwonyesha mchoro mkubwa wa farasi, mke akasema "Mzuri sana" huku anatazama mlango. Juzi aliamka akakuta hawapo wote wawili. Waliporudi akauliza:

"Mlikuwa wapi?"

"Tulifuata mkate," Breki akasema haraka.

"Mkate uko wapi?"

Wakatazamana. "Duka lilikuwa limefungwa," Mama Pacha akasema.

Baba Pacha akasukuma kikombe chake cha chai kando.

Jioni hiyo ya ugomvi wa boti, Mama Pacha aliingia kuoga. Breki alikuwa ametoka kwenda dukani. Simu ya Mama Pacha ikalia mezani, kioo kikawaka. Alikuwa amezikuza herufi za simu ile mpaka zikawa kama za bango la barabarani, kwa hiyo Baba Pacha hakuhitaji hata kuinama. Ujumbe ulitoka kwa Breki:

"Shemeji, wametupa nafasi tena kesho asubuhi. Tutoke kabla mzee hajaamka. Usimwambie kitu bado, itamuua."

Alisoma, akasoma tena. Akaichukua simu, akasogea dirishani.

Breki alipoingia na mifuko yake, alimkuta amesimama palepale, ameishika simu kama mtu aliyeshika nyoka.

"Breki, nimekukosea nini?"

"Vipi tena, ndugu yangu?"

"Usiniite ndugu! Umefiwa na mkeo, nikalia na wewe kwenye simu. Umetuita kwako, nimekuja nacheka kama mjinga. Kumbe unamsubiri mke wangu? Uzee huu, Breki?"

Breki aliisoma simu, akashusha mifuko sakafuni taratibu. Viazi vikatoka vikabiringika mpaka chini ya meza. Hakuna aliyeviokota.

"Kama ingekuwa hivyo unavyodhani," akasema kwa sauti ya chini, "ningefurahi."

"Ungefurahi?"

"Maana ungenipiga ngumi, ukamchukua mkeo ukaondoka, yakaisha."

Mlango wa bafu ukafunguka. Mama Pacha akatoka na taulo kichwani, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

"Mbona makelele? Shemeji, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mzee amelala? Yuko wapi?"

Baba Pacha alikuwa kando yake, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa bega. Taa inawaka. Hakuna kilichomkinga. Alimtazama mkewe akiangaza mbele, sawasawa kwenye uso wa Breki, na hasira yote ikamwagika kutoka kifuani mwake kama maji ya ndoo iliyopasuka.

"Mama Pacha," akaita.

Mke akashtuka, akageuza kichwa chote kumtafuta, kwanza mbali, kisha karibu.

"Ah! Uko hapo."

"Niko hapa. Huoni?"

"Shemeji," Breki akasema, "mimi nimefika mwisho. Mwambie, au nitamwambia mimi."

Mama Pacha alipapasa kiti, akakaa. Alivua taulo, akalikunja vizuri magotini, likiwa limelowa vilevile.

"Ni macho, Baba Pacha. Yameanza zamani. Pembeni sioni kabisa. Naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe kila siku linazidi kuwa jembamba."

"Tangu lini?"

"Nilipoambiwa, bado nilikuwa nafundisha. Watoto walikuwa wananyoosha mikono huku pembeni siwaoni, wakadhani nawachukia."

"Ukaninyamazia?"

"Ningekwambia ungefuta safari. Ungenikalisha ndani kama yai. Ungeuza kiwanja, ungenizungusha kwa waganga na hospitali mpaka haka kadirisha kangejifunga nikiwa kwenye foleni." Akalikunja taulo upya. "Mimi nilitaka kuona, mume wangu. Basi. Kuona na wewe."

"Na huyu?"

"Mimi nilijua siku ya kwanza," Breki akasema. "Alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina. Aliniapisha. Nikampeleka kwa daktari wa macho wa hapa, nikidhani labda huku wana kitu cha ziada. Kesho ndiyo majibu."

Baba Pacha alikaa chini sakafuni, katikati ya viazi. Yeye, dereva wa treni. Yeye aliyepimwa macho kila mwaka, akifunikwa jicho moja baada ya jingine, kwa sababu dereva asiyeona pembeni hashiki usukani hata wa toroli. Nyumbani kwake mtu alikuwa anapofuka mezani pake, naye alikuwa anauliza kwa nini chumvi imewekwa mbali.

"Kesho tunakwenda wote," akasema.

Kwa daktari kulikuwa kweupe, kuna picha ya jicho kubwa ukutani. Daktari alikuwa mwanamke mpole, anaongea lugha ya huko polepole, na Breki anatafsiri. Baba Pacha alikuwa anatazama midomo ya daktari kana kwamba akikaza macho ataelewa mwenyewe.

"Anasema mshipa wa jicho ukishakufa haurudi."

"Mwambie wapasue."

Breki akauliza. Daktari akatikisa kichwa.

"Anasema upasuaji na matone vinaweza kuchelewesha kidogo tu. Haviwezi kurudisha."

"Mwambie nina macho mawili mazima. Nilistaafu na cheti. Achukue langu moja ampe."

"Ndugu yangu..."

"Mwambie, Breki!"

Breki akamwambia. Daktari hakucheka. Alivua miwani yake, akamtazama Baba Pacha muda mrefu, akasema neno moja. Lile halikuhitaji kutafsiriwa.

Mama Pacha ndiye aliyempapasa mumewe mgongoni. "Mimi niliyasikia haya kwetu. Nilitaka tu yasemwe na mtu mwingine."

Walipotoka, Baba Pacha akasema, "Leo hii nabadilisha tiketi. Twende nyumbani."

"Kufanya nini?"

"Sijui. Watoto wajue."

"Watoto tutawapigia simu jioni. Nyumbani nakujua kwa kupapasa, hata nikiwa gizani sufuria yangu naipata. Huku sikujui. Bado mnara ule wa juu ya mji, uliniahidi."

"Mama Pacha, ngazi zile..."

"Uliniahidi au hukuniahidi?"

Breki alikohoa. "Mimi nitasubiri chini, ninunue kahawa. Magoti yangu hayaelewani na ngazi."

Wakapanda wao wawili. Ngazi zilikuwa za mawe, nyembamba, zinazunguka. Baba Pacha alimshika mkono mkewe kwa nguvu kupita kiasi.

"Unaniumiza. Shemeji alikuwa ananiachia nimshike yeye."

"Nifundishe basi."

"Tangulia hatua moja. Mimi nashika hapa, juu ya kiwiko. Ukipanda, nasikia."

Huko juu upepo ulikuwa mkali. Watu walikuwa wanapigana picha, wanacheka. Mama Pacha alikamata chuma cha ukingo, akaanza kugeuza kichwa taratibu, kipande baada ya kipande, kama anayesoma mstari mrefu.

"Mto uko wapi?"

"Kushoto. Zaidi. Shuka chini kidogo. Hapo."

"Siuoni... Ah! Nimeupata! Kuna kitu chekundu."

"Ni boti. Inapita chini ya daraja."

"Daraja sijalipata. Ngoja. Usiseme, nitalitafuta mwenyewe."

Alilitafuta. Baba Pacha akasubiri, anatamani kukishika kile kichwa akigeuze palipo sawa, hathubutu. Boti ikapita, ikaondoka. Yeye bado anatafuta. Machozi yalimtoka mzee yule, akayaacha yatelemke, kwa kuwa alijua yakiwa upande ule mkewe hayaoni.

"Unalia," Mama Pacha akasema, hajageuka.

"Umejuaje?"

"Unavuta pumzi kama watoto wangu wa darasa la kwanza."

"Sina la kufanya, Mama Pacha. Ningekuwa na la kufanya ningelifanya."

"Najua."

"Nilimtukana Breki."

"Utamwomba radhi, ataringa kidogo, yataisha." Akashusha pumzi. "Hilo daraja nimelikosa. Tushuke, naogopa giza la ngazi."

Baba Pacha akatangulia hatua moja. Mkono wa mkewe ukakaa juu ya kiwiko chake, mwepesi, umetulia. Chini yao ngazi zilijizungusha zikapotea gizani.

"Zimebaki nyingi?" akauliza Mama Pacha.

Mzee alichungulia. Hakuona mwisho.

"Sijui, mke wangu."

"Haya. Twende hivyohivyo."