Utepe wa Ncha Tatu

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Ishbel MacEilar aliusukuma kwa kiwiko mlango wa chumba cha nyaraka, juu kabisa ya mnara wa ukoo. Mikono yake ilikuwa imebeba ngao ya mbao aliyoipaka rangi yeye mwenyewe na kuifunga kwa gazeti. Torquil Baine, mtunza nasaba, alikuwa amelala kifudifudi mezani. Pembeni ya kichwa chake palikuwa na muhuri wa chuma wa ukoo, umeganda damu. Ishbel aliiweka ngao chini taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mzee, kisha akashuka mbio uani kuwapigia polisi simu.

Sajini Farquhar alifika saa tatu kasoro robo pamoja na daktari. Daktari alisema mzee aliuawa jana yake jioni. Sajini akatoa bahasha yenye lakiri katika koti la marehemu, akaitia mfukoni bila kuifungua, kisha akainama chini ya kiti na kuibuka na kofia.

"Dada, hii si ya Lachlan?"

Ilikuwa ya Lachlan, kaka yake. Ishbel alisema Lachlan aliisahau hapo Jumamosi. Bonde zima lilijua ugomvi wa Jumamosi. Mkuu wa ukoo alifariki majira ya kuchipua bila mtoto, na wawili walikitaka kiti chake: Lachlan, na Ranald MacEilar, mtu mpole aliyetoka Glasgow na barua ya mwaka 1782 inayomtaja babu wa babu zake kuwa mwana mkubwa wa Aulay, mkuu wa ukoo wa enzi hizo. Torquil angetoa uamuzi Jumatano. Lachlan, ambaye mdomo wake hauna kufuli, alimwita mzee mbuzi kipofu, watu wakisikia.

Sajini aliwahoji wote wawili chini ukumbini. Lachlan alisema Jumapili jioni alikuwa mlimani na kondoo wake, na kondoo hawatoi ushahidi. Ranald alisema kwa upole kwamba hakumwona Torquil tangu Alhamisi. Saa nne na nusu Sajini alipanda juu, akamwambia Ishbel kwamba hana budi kumchukua kaka yake. Akashuka kwenda uani kupiga simu, kwa kuwa kuta za mnara hazipitishi mtandao.

Mwili ulikuwa umekwisha kuondolewa, na Ishbel akabaki peke yake na hofu yake. Lachlan angeozea gerezani, naye ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Akaitazama meza aliyokuwa akiikwepa tangu asubuhi. Barua ya Ranald ilikuwa imekunjuliwa, na kioo cha kukuzia cha Torquil kilikaa juu ya ngao ya huyo mwana mkubwa, iliyochorwa kichwani mwa barua. Ishbel akainama. Juu ya ngao ulipita utepe mwekundu wa ncha tatu.

Baba yake alimfundisha kuchora utepe ule kabla hajajua kusuka nywele. Ni alama ambayo mrithi huiweka kwenye ngao yake maadamu baba yake yu hai. Baba akizikwa, utepe unaondolewa. Na Aulay alikuwa amezikwa mlangoni pa kanisa. Kila Jumapili Ishbel aliliruka jiwe lake: alikufa 1779. Ngao yenye utepe ilikuwepo bondeni, ndiyo, lakini kwenye kioo cha dirisha la kanisa, kilichowekwa Aulay akiwa hai. Mtu alikuwa amenakili dirisha; barua ilikuwa ya kughushi.

Mlango ukafungwa nyuma yake.

"Unasoma barua yangu, Bi Ishbel?" Ranald aliuliza, mgongo ukiwa mlangoni.

Ishbel aligeuka. Angeweza kudanganya, lakini ukweli ndio uliotoka.

"Barua ilipoandikwa, Aulay alikuwa na miaka mitatu kaburini. Utepe unafanya nini hapa?"

"Hata wewe?" Ranald alisogea hatua moja. "Mzee naye jana kaniuliza hivyo hivyo, kidole kikiwa hapo hapo."

"Jana?" sauti ya Sajini, aliyekuwa amerudi kutoka uani, ilitoka nyuma ya mlango. "Si ulisema tangu Alhamisi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ranald hakukimbia. Alikaa sakafuni akaeleza yote: huko Glasgow alilelewa nyumba hii na ile, jina lake likidhihakiwa kuwa la kuokotwa. Alitaka siku moja aingie mahali watu wasimame. Torquil alipougundua utepe alianza kumwambia jambo lingine, lakini Ranald hakumsubiri amalize.

Sajini akaikumbuka bahasha, akaivunja lakiri na kusoma kwa sauti: "Kwa Ranald MacEilar. Kiti si chako, lakini jina ni lako, nimelithibitisha. Wewe ni wa uzao wa mwana wa pili. Ngao yako anaichora Ishbel. Karibu nyumbani."

Ishbel akalichana gazeti. Ngao aliyoagizwa ilikuwa nembo ya ukoo yenye pindo la buluu, alama ya tawi la mwana mdogo. Torquil alimwambia tu kuwa ni zawadi, na jina la mwenyewe angemtajia Jumatatu.

Ranald, pingu mikononi, aliomba aiguse. Ishbel aliisogeza karibu naye kidogo, akamwambia aangalie vidole, rangi haijakauka vizuri.